Barua Niliyoisoma Vibaya

Najua wako kati yenu watakaouliza: mwalimu wa Kolwezi ana haja gani na Kijerumani? Kifaransa tunacho shuleni, Kiswahili tunacho nyumbani na sokoni, Kisanga na Kiluba na Kilunda na Kichokwe tumeachiwa na babu zetu. Mzigo huu mwingine ni wa nini? Nami nilipoanza nilijiuliza vivyo hivyo. Lakini jueni kwamba kila mtoto wa mji huu, hata yule asiyejua kuandika jina lake, hulitamka neno moja lenye asili ya Kijerumani asubuhi na jioni, wala hajui limetoka wapi. Neno lenyewe ni kobalti.

Aliyenifunulia jambo hilo ni mzee mmoja Mjerumani, ambaye wanafunzi wetu walimwita Papa Fundi. Alikuwa amestaafu kazi yake ya mitambo huko kwao, akaja kwetu kwa hiari, bila mshahara, kuzifufua mashine za karakana katika shule ya ufundi ninamofundisha Kifaransa. Akakaa nasi majira mawili ya mvua. Kwao ni Erzgebirge, milima ya jimbo la Sachsen, na jina hilo maana yake ni milima ya mawe yenye madini. Huko Freiberg fedha ilivumbuliwa mwaka 1168, na tangu hapo watu wakawa wachimbaji, baba kwa mwana, kama watu wa Musonoi na Luilu. Basi, wachimbaji hao wa kale walikuwa wakikuta jiwe zuri lililofanana na jiwe la fedha. Wakilitia motoni, fedha haitoki. Hutoka moshi wenye sumu ya aseniki, ukawadhuru. Wakasema, huyu ni Kobold, yaani pepo mdogo akaaye mashimoni, ametuibia fedha yetu na kutuachia takataka. Katika miaka ya 1730 mtaalamu wa Sweden, Georg Brandt, alitambua kwamba ndani ya jiwe lile mlikuwa na metali nyingine kabisa. Hata hivyo jina la pepo likabaki. Siku hizi nchi yetu hutoa zaidi ya nusu ya kobalti yote ichimbwayo duniani, na sehemu kubwa hutoka katika ardhi hii ya Lualaba tunayoikanyaga.

"Ninyi," mzee akacheka, "mmempokea pepo wetu pamoja na jina lake."

Tukafanya mapatano. Yeye anifundishe Kijerumani, mimi nimfundishe Kiswahili, kila jioni baada ya kazi, penye ngazi ya karakana, kabla giza halijaingia. Nami nilikwenda kwa kiburi, sina budi kuungama. Katika seminari ndogo nilifundishwa Kilatini miaka sita, na nalidhani kwamba mtu aliyekwisha kuvishinda vitenzi vya Kilatini hawezi kushindwa na kitenzi cho chote chini ya jua. Tena nilikuwa na sababu ya pili. Wajerumani wamekuwa wakifika Kolwezi miaka ya karibuni kwa ajili ya jiwe lile lile, maana limo ndani ya betri za magari yao. Hata ofisi ya jiolojia ya serikali yao, iitwayo BGR, ilitoa mwaka 2019 taarifa ndefu juu ya wachimbaji wadogo wa Haut-Katanga na Lualaba. Nikasema moyoni: watu wanaoandika juu yetu, ni vema mmoja wetu aweze kuwasoma.

Vitabu husema kwamba kitenzi cha Kijerumani kina nyakati sita. Papa Fundi alinitoa hofu siku ya kwanza: mdomoni, alisema, watu wa kwao huishi kwa mbili, na nyingine huzitoa kabatini siku za barua na vitabu. Wakati uliopo hutumika hata kwa kesho. "Ich komme morgen", naja kesho, ndivyo wasemavyo, sawasawa na sisi tunaposema "kesho naenda Likasi". Tena "ich lese" peke yake hubeba "nasoma", na "ninasoma sasa hivi", na "mimi husoma kila siku". Nilipomwonyesha ile "hu" yetu ya mazoea, mzee aliishangilia kama mtoto aliyeokota embe.

Wakati uliopita ndio uliotutesa sote wawili. Mjerumani akisema "ich habe gegessen", huenda maana yake ni "nimekula", huenda ni "nilikula". Kwake tofauti hiyo haimo katika kitenzi. Kwa hiyo Papa Fundi hakuweza kuelewa kwa nini sisi tunakazana na "li" na "me". Nikamweleza mara kumi. Kisha siku moja aliingia darasani, wanafunzi wakipiga kelele, akawaambia kwa Kiswahili chake, "Mkuu wa shule alikuja." Wanafunzi wakafurahi, wakazidisha kelele, maana kwa masikio yao mkuu alikuja na amekwisha kuondoka. Kumbe mkuu alikuwa amesimama nyuma ya mlango. Tangu siku ile mzee hakukosea tena. "Amekuja" aliitamka kwa heshima na hofu.

Mimi adhabu yangu ilikuwa mwishoni mwa sentensi. Sisi kitenzi chetu ni kama lori lililokwisha kupakiwa: katika "niliutengeneza" yumo mtendaji, umo wakati, kimo kitu, limo tendo, yote kwa neno moja. Mjerumani husema kwanza "Ich habe", kisha hukutembeza: jana, katika karakana, pamoja na wanafunzi wawili, mota ile kubwa, na wewe umekaa hujui kama ameitengeneza au ameiuza, hata neno la mwisho lifike: "repariert". Asante Mungu, imetengenezwa. Tena kuna vitenzi visivyotaka "haben", yaani kuwa na. Vyenyewe hutaka "sein", yaani kuwa. Navyo ni vya kwenda na kuja, na vya kugeuka hali, kama kufa. Papa Fundi alinitajia pia kimoja kilichoingia kundini bila kuonekana kwenda po pote: "bleiben", kubaki. "Ich bin geblieben", nimebaki. Sikuuliza sababu, nilikariri tu.

Hata hivyo jambo lililonipendeza kuliko yote lilikuwa katika vitenzi sita vidogo ambavyo mwanafunzi wa Kijerumani hawezi kuvikwepa: können, dürfen, müssen, sollen, wollen, mögen. Hivi husimama mbele ya kitenzi kingine na kukisema kama kinawezekana, kama kinaruhusiwa, kama kinalazimu, kama kimeagizwa, kama kinatakwa, kama kinapendwa. Niliona kwamba havikunjiki kama vingine. Mjerumani husema "ich komme, er kommt", kwa miisho miwili. Lakini husema "ich muss, er muss", pasipo mwisho wo wote. Nikafikiri ni kosa la kitabu. Baadaye nilisoma kwamba vingi vya vitenzi hivi zamani za kale vilikuwa katika wakati uliopita, kisha maana yake ikahamia wakati uliopo, lakini umbo likabaki la zamani. Hapo nikapiga paja! Maana katika Kilatini tulikuwa na "novi", ambalo kwa umbo ni "nimekwisha kufahamu" na kwa maana ni "najua". Na sisi je? Mtu akisema "nimechoka", "nimeshiba", "amelala", atumia "me" ya tendo lililokwisha kupita, ilhali habari ni ya sasa hivi: uchovu ungaliko, shibe ingaliko, usingizi ungaliko. Mjerumani wa kale na bibi yangu wa Bunkeya wameunda neno kwa njia moja, bila kuonana.

Maana za vitenzi vile sita sikuzijifunza ngazini penye karakana. Nilijifunza Jumapili moja alasiri, tulipotembea kuelekea Kasulo. Mtaa huu una habari yake: mwaka 2014 ilijulikana kwamba chini ya nyumba zake kuna kobalti, na watu wakachimba hata uani na ndani ya vyumba. Kijana mmoja alikuwa akitoka shimoni, amebeba gunia begani. Papa Fundi akasimama, akasema kwa sauti ndogo, "Er kann graben." Anaweza kuchimba, ana nguvu na ujuzi. Kisha, "Er darf hier nicht graben." Haruhusiwi kuchimba hapa, kwa kuwa sheria ya madini ya mwaka 2002, iliyorekebishwa mwaka 2018, humpa mchimbaji mdogo maeneo yaliyotengwa tu, naye sharti awe na kadi. "Er muss graben." Imembidi, huenda nyumbani jungu la bukari halijainjikwa tangu jana. "Er soll graben." Ameagizwa, yuko mtu nyuma yake anayeyangojea magunia. "Will er graben?" Je, mwenyewe ataka? Mzee akanyamaza kitambo, akimtazama kijana akiuweka mzigo chini. "Vielleicht möchte er Mechaniker werden." Labda angependa kuwa fundi wa mitambo.

Nikawakumbuka wale waliofukiwa mwezi wa Juni 2019, watu 40 hivi, katika mgodi mmoja jirani na mji wetu. Siku zile kila mtu alikuwa na kitenzi chake juu yao. Wengine walisema hawakuruhusiwa kuingia, wengine walisema iliwabidi. Na wote walisema kweli.

Tuliporudi nilimweleza mzee jinsi Kiswahili chetu kinavyolitwisha neno "kuweza" mizigo miwili. Mwanafunzi akisema "Mwalimu, naweza kutoka?", haulizi juu ya miguu yake, aomba ruhusa, Mjerumani hapo anayo "darf ich". Lakini kwa "sollen" sisi ndio matajiri. "Soll ich kommen?" kwetu ni "Nije?", neno moja lenye silabi mbili. Daktari akimwagiza mgonjwa anywe dawa, Mjerumani hutafuta "soll". Sisi twageuza "a" kuwa "e", agizo likamalizika. Na zile amri kumi, tujuazo sote kwa "u" na "usi", katika Kijerumani huanza kwa "du sollst": wapaswa, kwa mapenzi yake yeye aliyeagiza. (Neno hilo hilo "soll" hutumika kwa uvumi: "er soll reich sein", eti yeye ni tajiri. Sijui kama ni vema amri na uvumi kulala katika kitanda kimoja, lakini lugha haikuniuliza.)

Hayo yote niliyaandika katika daftari langu kwa wino wa rangi mbili. Neno moja tu sikuliandika, kwa sababu nalidhani nalijua: nini hutokea "nicht" ikitiwa karibu na "müssen".

Papa Fundi alirudi kwao. Yeye hakuzipenda habari za simu, alipenda karatasi. Na barua kati ya Kolwezi na Ulaya husafiri mikononi mwa wasafiri, mara kupitia Lubumbashi, mara kupitia Ndola. Nikamwandikia mara tatu, naye akajibu mara tatu, kila jibu likija na masahihisho ya barua yangu kwa kalamu ya risasi. Kisha mdogo wangu wa kike, aliyekuwa akisomea uuguzi, alifika mwaka wa mwisho, na ada ya mtihani ikatushinda. Nilisita siku nyingi. Mwishowe nikaandika barua ya nne, na katika mstari wa mwisho nikaomba msaada. Wengi wenu mtanielewa nikisema kwamba mstari ule ulinitoa jasho kuliko sarufi yote.

Jibu lilikuja baada ya miezi minne. Lilikuwa ukurasa mmoja tu, mwandiko umekuwa mdogo, wala masahihisho hayakuwamo. Alisema kwamba ameugua, ataingia hospitali, na kwa sasa hawezi kutuma fedha, ambalo linamsikitisha. Akaongeza kwamba ajua jinsi barua zilivyo kazi ngumu kwetu. Na mwisho kabisa: "Du musst mir nicht antworten."

Nilisimama palepale. Nikaigeuza sentensi katika Kifaransa, kama nilivyozoea kufanya kwa kila sentensi ngumu: "tu ne dois pas me répondre". Nikaitia katika Kiswahili: hupaswi kunijibu. Usinijibu. Basi, nikasema, mlango umefungwa. Yule mzee aliyekaa nami ngazini majira mawili ya mvua ameniona kuwa ombaomba kama wengine, na kwa adabu ya kizungu amenitoa nje. Niliikunja barua, nikaitia ndani ya kamusi, nikairudisha kamusi kabatini.

Mama aliuza cherehani yake, ada ikalipwa. Mdogo wangu nilimwambia tu kwamba mzee ni mgonjwa. Sikumwandikia. Noeli ikaja, sikuandika. Pasaka ikaja, sikuandika. Msafiri mmoja aliyekuwa akienda Ujerumani aliniuliza kama nina barua ya kupeleka, nikasema sina. Mwaka mmoja na miezi miwili ukapita hivyo. Nilijivunia utii wangu! Nilijiambia: ameniamuru kunyamaza, nami nimenyamaza, asipate kusema kwamba Mwafrika hana heshima.

Mwaka huu wa pili mdogo wangu, sasa ni muuguzi kamili, alipata wazo la kutafuta kazi huko. Muuguzi mgeni hudaiwa kwa kawaida cheti cha Kijerumani cha ngazi ya B2, na safari ya kufika B2 huanza kwa "ich bin, du bist". Akanisihi nimfundishe. Wakajiunga rafiki zake sita. Parokia ikatupa chumba kimoja siku za Jumamosi. Hivyo yule aliyenyamaza kwa Kijerumani akawa mwalimu wa Kijerumani.

Tukafika katika somo la vitenzi sita. Zoezi lilisema: "Heute ist Sonntag. Du musst nicht arbeiten." Nikawaeleza kwa uhakika mkubwa: leo ni Dominika, usifanye kazi. Hata nikaongeza maneno machache juu ya amri ya kuitakasa siku ya Bwana, na jinsi inavyopendeza kuona mwandishi wa kitabu cha shule akiikumbuka. Wote wakaandika. Sentensi ya pili ilikuwa ya mama na mtoto: "Du musst die Suppe nicht aufessen, wenn du satt bist." Nikatafsiri: usiimalize supu, kama umeshiba.

Mdogo wangu akainua mkono. "Yaya," akasema, kisha akajisahihisha kwa sababu ya wenzake, "Mwalimu, mama gani huyu? Mtoto ameshiba, naye amkataza kumaliza? Aliyeshiba hana haja ya kukatazwa."

Nikajibu kwamba labda supu ni ya baba. Wakacheka, nami nikacheka, lakini kicheko changu hakikufika mbali. Mama wa Kolwezi humlazimisha mtoto kumaliza bukari na sombe hata machozi yamtoke. Mama mwema wa kitabuni, kwa sentensi ile, alikuwa akifanya nini?

Usiku nikaitoa kamusi kabatini. Nilikuwa nimesahau kwamba humo ndimo nilimoiweka barua. Ikaanguka juu ya meza.

Kanuni yenyewe ni fupi, nami naiandika hapa kwa faida ya kila kijana wa Kongo atakayejifunza lugha hii, kwa kuwa sisi tuliosoma kwa Kifaransa ndio tunaonaswa kwa urahisi. Katika Kijerumani "müssen" ni ulazima, na "nicht" huuondoa ulazima wenyewe: du musst nicht, si lazima, waweza kuacha. Ukitaka kukataza, sharti ukikanushe kitenzi cha ruhusa: du darfst nicht, huna ruhusa, usifanye. Kifaransa kinaposema "tu ne dois pas", mara nyingi ni katazo. Na "hupaswi" yetu ni katazo vilevile. Kwetu ukanusho huliangukia tendo, "yakupasa usifanye". Kwao huliangukia sharti, "hakuna sharti la kufanya". Herufi ni zile zile, na kati ya maana hizo mbili kuna umbali kama wa kutoka hapa hata Dilolo.

Nikaisoma barua upya, polepole, na mara hii nikaisoma pamoja na mstari uliotangulia, ambao kwanza niliurukia kwa uchungu. Ajua jinsi barua zilivyo kazi ngumu kwetu. Usijisumbue kunijibu. Hivyo ndivyo alivyosema. Mzee mgonjwa, akiingia hospitali, alitaka kuniondolea gharama na taabu. Nami nikampa ukimya wa miezi kumi na minne.

Nikakaa kuandika. Nilitaka kusema: ilinipasa kukuandikia. Lakini tazameni, "ilinipasa" yetu haisemi kama niliandika au sikuandika. Msikilizaji hungoja sentensi ya pili. Kijerumani kina umbo lililoundwa hasa kwa mtu wa namna yangu, la jambo lililopasa na halikufanyika. Nililijua kwa kusikia, sikulijua kwa kuandika. Mwishowe nikaandika, "Ich habe dir schreiben gesollt", nikaeleza kisa chote tangu "nicht" hata supu, nikaomba radhi. Mdogo wangu, niliyemsomea barua ile, alikaa kimya. Kisha akauliza kama cherehani ya mama ilikuwa ndiyo ada. Nikamwambia ndiyo. Akaitwaa karatasi mkononi mwangu. "Hii haingoji msafiri, Yaya." Akaipiga picha kwa simu yake, tukaipeleka kwa binti wa mzee, ambaye namba yake ilikuwa nyuma ya daftari langu la zamani.

Siku tisa hatukusikia neno. Siku ya kumi ikaja picha. Ilikuwa barua yangu mwenyewe, imechapishwa juu ya karatasi, na kila upande kalamu ya risasi imepita, mistari ikitetemeka kama njia ya chungu. Binti aliandika kwamba baba yake yupo nyumbani, mkono wa kuume ni dhaifu, naye alikataa kumtajia yeye maneno ayaandike. Kazi ile ilimchukua siku mbili. Makosa yalikuwa 11. Lile "habe" lilikatwa, na juu yake "hätte". "Gesollt" ilikatwa mara mbili kwa nguvu, na juu yake "sollen". Na pembeni, penye habari ya "nicht", yalikuwapo maneno machache: "Du musstest nicht. Aber du durftest." Haikukulazimu. Lakini uliruhusiwa.

Jumamosi iliyofuata niliiandika ubaoni sentensi iliyosahihishwa: "Ich hätte dir schreiben sollen." Mmoja akauliza kwa nini "sollen" na si "gesollt", kwa kuwa nyakati kama hizi hutaka neno la "ge". Nikaeleza kwamba kitenzi kidogo kikiwa na kitenzi kingine karibu yake huliacha vazi lake la "ge" na kukaa katika umbo la "ku", vyote viwili pamoja mwishoni mwa sentensi, bega kwa bega: kuandika, kupaswa. Mdogo wangu alikuwa akinakili, hakuinua kichwa. Mvua ikaanza kupiga juu ya mabati, ikanibidi kurudia kwa sauti kubwa.